Uchaguzi wa maeneo ya miradi ya umeme wa mawimbi na wa maji kujaa na kupwa: nguvu ya bahari peke yake haitoshi

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa,

Kila mjadala kuhusu umeme wa bahari unapoanza, swali linalotangulia huwa ni bahari ya wapi ina nguvu zaidi. Swali hilo ni halali. Hata hivyo, ukiifuatilia historia ya miradi ya aina hii utaona kwamba mingi iliyokufa haikufa kwa sababu bahari ilikosa nguvu. Ilikufa kwa sababu eneo lililochaguliwa lilikuwa na nguvu kuliko mtambo ulivyoweza kuhimili, au halikufikika kwa matengenezo, au umeme wake haukuwa na pa kwenda, au watu na samaki wa eneo hilo hawakuhesabiwa tangu mwanzo. Naleta uzi huu tuliangalie jambo la kuchagua eneo kwa upana wake, kwa kutumia mifano ya nchi ambazo zimekwisha jaribu, kabla hatujafika kwenye pwani yetu wenyewe ya Tanzania.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo mara nyingi huchanganywa. Kuna umeme unaotokana na tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na maji kupwa, ambao kwa kawaida huhitaji ukuta wa kufunga hori (mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu) au mlango wa mto. Kuna umeme unaotokana na kasi ya mkondo, ambapo mtambo huzamishwa majini bila ukuta wowote. Kuna na umeme wa mawimbi, ambao asili yake ni upepo wala hautegemei mwezi. Kila kimoja kina sheria zake, na eneo linalofaa kwa kimoja linaweza lisifae kabisa kwa kingine.

Mfano unaojulikana zaidi wa aina ya kwanza ni kituo cha mto Rance, karibu na Saint-Malo nchini Ufaransa, kilichofunguliwa mwaka 1966 kikiwa na mitambo 24 ya megawati 10 kila mmoja, yaani jumla ya megawati 240. Mahali pale maji hupanda na kushuka kwa wastani wa mita 8 hivi, na wakati wa bamvua kubwa, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti hiyo hupita mita 13. Nishati inayopatikana katika bwawa la namna hii hukua kwa mraba wa tofauti hiyo, si kwa tofauti yenyewe. Kwa hiyo hori lenye tofauti ya mita 3, hata likiwa na eneo sawa na lile la mita 8, hutoa takriban sehemu moja ya saba tu ya nishati. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini, baada ya zaidi ya nusu karne, vituo vikubwa vya aina hii duniani bado vinahesabika kwa vidole.

Tofauti kubwa hivyo haitokani na mwezi peke yake, bali na umbo la pwani. Ghuba ya Fundy nchini Kanada, ambako maji ya bamvua katika kichwa cha ghuba yanaweza kupanda takriban mita 16, ina urefu na kina ambavyo huyafanya maji yake yayumbe kwenda na kurudi kwa muda wa saa 13 hivi, na bahari kuu huyasukuma kila baada ya saa 12 na dakika 25. Ni sawa na mtu anayesukuma bembea kila inapomrudia mkononi: kila msukumo unaongeza juu ya ule uliotangulia. Anayetafuta eneo la ukuta anapaswa kuangalia umbo hilo kwanza. Lakini pia ajue kwamba ukuta wenyewe ukijengwa hubadilisha umbo la ghuba, na kwa hiyo unaweza kubadilisha kimo cha maji kilichomvutia mjenzi pale.

Katika umeme wa mkondo, hesabu ni kali zaidi, kwa sababu nguvu hukua kwa kasi iliyozidishwa mara tatu kwa yenyewe. Mkondo wa mita 1 kwa sekunde hubeba takriban nusu kilowati katika kila mita ya mraba; wa mita 2 hubeba kilowati 4; wa mita 3 hukaribia kilowati 14, ingawa mtambo wowote hauwezi kuvuna yote hayo. Maana yake kwa mchaguzi wa eneo ni kwamba kosa dogo la kipimo ni kosa kubwa la fedha: ukikadiria kasi kwa kuzidisha asilimia 10, umezidisha nguvu kwa asilimia 33, na mkopo wa benki utakuwa umesimama juu ya umeme usiokuwepo. Ndiyo maana chati za mabaharia, pamoja na thamani yake yote, hazitoshi. Huwekwa chombo sakafuni mwa bahari kinachorusha sauti kuelekea juu na kusikiliza mwangwi wake kutoka kwenye chembechembe zinazobebwa na maji, kisha kikakokotoa kasi ya kila tabaka kuanzia chini hadi usoni. Hukaa hapo kwa uchache mwezi mzima wa mwandamo, ili kipitie bamvua mbili na maji mafu mawili, yaani vipindi ambavyo maji hujaa na kupwa kidogo tu.

Tabaka hizo zina umuhimu wake. Maji ya karibu na sakafu huburutwa na mwamba na kwenda polepole, na ya juu huenda kasi, hivyo panga la mtambo likiwa juu hupokea msukumo mkubwa kuliko likiwa chini, na tofauti hiyo hujirudia kila mzunguko, mamilioni ya mara kwa mwaka. Rasi, jabali au kilima kilichofichika chini ya maji umbali wa mita mia kadhaa kinaweza kuzalisha visulisuli vya maji vinavyochosha chuma kabla ya wakati wake. Sehemu mbili zenye wastani mmoja wa kasi zinaweza kutofautiana sana: moja ikautunza mtambo kwa miaka mingi, nyingine ikauvunja.

Jambo hilo lilionekana wazi katika Minas Passage, ndani ya hiyo Ghuba ya Fundy. Novemba 2009 ulizamishwa pale mtambo wa megawati 1 wa kampuni ya OpenHydro, mduara mkubwa wa chuma wenye mapanga 12 ndani yake. Katika muda wa wiki tatu hivi mapanga yote yalikuwa yamevunjika, kwa sababu nguvu ya maji ilizidi sana ile iliyotarajiwa wakati wa usanifu, na mwaka mzima ulipita kabla ya mtambo huo kuondolewa majini. Mkondo ambao kwenye karatasi ulikuwa sifa kuu ya eneo ndio ulioharibu kazi, na ndio uliozuia vyombo visiende kutazama kilichoharibika.

Sasa tulinganishe na Pentland Firth, mlango wa bahari ulio kati ya Uskoti na visiwa vya Orkney. Mradi wa MeyGen, wenye mitambo minne ya megawati 1.5 kila mmoja, haukuwekwa katikati ya mlango huo mkuu, ambako maji ni mengi zaidi, kina ni kikubwa na meli hupita. Uliwekwa katika Inner Sound, njia nyembamba kati ya kisiwa cha Stroma na bara, ambako kina ni cha mita thelathini na kitu. Sakafu yake ni mwamba mtupu, kwa kuwa mkondo umekwisha fagia mchanga wote, na nyaya za kwenda nchi kavu ni fupi. Hata hapo mkondo hufika mita 5 kwa sekunde wakati wa bamvua, hivyo nguvu haikukosekana. Eneo hilo lilichaguliwa kwa sababu lilikuwa na nguvu ya kutosha pamoja na mambo mengine yote, na ninaamini huo ndio uchaguzi sahihi.

Nawakaribisha wenye ujuzi na wenye maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo yaliyonyooka. Swali langu ni kuhusu mawimbi, kwa kuwa umeyagusa kwa sentensi moja tu. Mkondo unatabirika kwa sababu mwezi unatabirika, lakini mawimbi yanategemea upepo wa mbali ambao hatuuoni. Je, eneo la mawimbi huchaguliwaje, na ni kwa nini miradi yake inaonekana kushindwa zaidi kuliko ile ya mkondo?

Mleta uzi

Swali zuri, na linastahili jibu refu kidogo.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa kilowati katika kila mita moja ya mstari wa mbele wa wimbi. Hutegemea mraba wa kimo cha wimbi pamoja na muda unaopita kati ya wimbi moja na linalofuata. Kwa hesabu ya maji ya kina kirefu, bahari yenye mawimbi ya mita 3 yanayopishana kwa sekunde 10 hubeba takriban kilowati 44 kwa mita, na bahari ya mita 1.5 na sekunde 8 hubeba takriban kilowati 9. Pwani za magharibi za Ireland na Uskoti, zinazopokea mawimbi yaliyosafiri Atlantiki yote, ni miongoni mwa zenye wastani mkubwa zaidi duniani, na hilo lilizivutia kampuni nyingi.

Hata hivyo, kwa mawimbi wastani si kipimo cha kwanza ambacho mimi ningekitazama. Ningetazama uwiano kati ya siku ya kawaida na siku ya dhoruba kubwa kuliko zote katika miaka 50. Mtambo hulipwa kwa mawimbi ya kila siku, ilhali chuma, nanga na minyororo yake lazima vijengwe kwa ajili ya siku ile moja. Katika Atlantiki ya kaskazini pengo kati ya siku hizo mbili ni kubwa mno, na gharama yote huzama humo. Maeneo yanayopokea mawimbi marefu ya Bahari ya Kusini, kama vile pwani ya Chile na kusini mwa Australia, yana faida kwamba mawimbi yake hayapishani sana kati ya msimu na msimu, hivyo mtambo haukai miezi mizima bila kazi.

Kina cha maji nacho kina mchango wake. Wimbi la sekunde 10 lina umbali wa takriban mita 156 kutoka kilele hadi kilele katika maji marefu, na huanza kuhisi sakafu ya bahari kina kinapopungua chini ya nusu ya umbali huo. Kuanzia hapo hupoteza nguvu kidogo kidogo na kugeuza mwelekeo wake. Kwenye rasi mawimbi hukusanyika, kwenye ghuba hutawanyika, na vijiji viwili jirani vinaweza kuwa na bahari mbili tofauti. Wapo waliochagua kukaa karibu na ufuo kwa makusudi, katika kina cha mita 10 hadi 15, kwa sababu mawimbi makubwa kupita kiasi huvunjika kabla ya kufika hapo na ya wastani huendelea. Mtambo ulioitwa Oyster, uliojaribiwa Billia Croo huko Orkney kuanzia mwaka 2009, ulifuata fikra hiyo. Kampuni yake haikudumu, lakini hoja yake juu ya eneo naiona kuwa ya busara hadi leo.

Kuhusu kushindwa, mifano miwili inatosha. Mwaka 2008 mitambo mitatu ya Pelamis, yenye jumla ya megawati 2.25, iliwekwa Aguçadoura kaskazini mwa Ureno, na baada ya miezi michache ilivutwa kurudi bandarini kwa matatizo ya kiufundi, kisha matatizo ya fedha ya wawekezaji yakaizuia isirudi. Eneo halikuwa na kosa kubwa. Mfano wa pili ni Wave Hub, karibu na pwani ya Cornwall nchini Uingereza, ambako mwaka 2010 ilijengwa soketi kubwa ya umeme sakafuni mwa bahari, kilomita 16 hivi kutoka ufuoni, ili yeyote mwenye mtambo wa mawimbi aje achomeke. Mawimbi yalikuwepo, nyaya zilikuwepo, vibali vilikuwepo. Wenye mitambo iliyo tayari kukaa umbali ule na kina kile cha mita 50 na zaidi hawakupatikana, na hatimaye mahali pale pakageuziwa mipango ya mitambo ya upepo inayoelea. Eneo halichaguliwi bila kujua ni mtambo gani utakaokaa humo.

Mradi wa mawimbi ninaouheshimu zaidi ni mdogo sana. Mji wa Mutriku katika nchi ya Wabaski, Hispania, ulikuwa unahitaji ukuta wa kukinga bandari yake, na ndani ya ukuta huo vikajengwa vyumba ambamo wimbi likiingia husukuma hewa na kuzungusha mitambo 16 midogo. Jumla yake ni kilowati 296 tu, na umeme wake umekuwa ukiingia kwenye gridi tangu mwaka 2011. Mafundi wake huingia kwa mlango, kwa miguu, na kama kuna kitu kimeharibika hukifikia bila kuhitaji meli. Gharama ya ukuta ilikuwa italipwa vyovyote vile.

Mchangiaji wa pili

Nami ni mtu wa pwani, nimelelewa kwenye uvuvi, na ninaomba nizungumze kwa upande huo. Katika maelezo yote haya bahari inasomeka kama vile ni mahali pasipo na mtu. Mkondo mkali ndipo samaki wanapopita, na wavuvi wanapajua. Mlango mwembamba ndiyo njia ya ngalawa na mashua. Mwamba unaokauka wakati wa bamvua ndipo kina mama wanapookota pweza na chaza. Wakija wapimaji na vyombo vyao wakaona pana nguvu, wakapapigia mstari kwenye ramani, sisi tutaambiwa lini?

Mleta uzi

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito, na ninakubaliana nayo bila masharti. Matumizi yaliyopo ya bahari yanapaswa kuingia kwenye ramani ya kwanza kabisa, pamoja na kasi na kina, wala yasisubiri hatua ya ripoti ya athari kwa mazingira, wakati fedha zimekwisha tumika na kila mtu anaona aibu kurudi nyuma.

Historia iko upande wako. Ili kujenga kule Rance, mlango wa mto ulifungwa kwa takriban miaka mitatu, viumbe vingi vya ndani vikafa, na ikachukua kama miaka 10 maisha kurudi katika hali ya utulivu, tena si kwa sura ileile ya zamani, na tope likaendelea kujikusanya ndani. Kituo cha Annapolis Royal nchini Kanada, cha megawati 20, kilianza kazi mwaka 1984 katika mto wenye samaki wanaopanda na kushuka kila mwaka, na kilipozimwa mwaka 2019 suala la samaki waliokuwa wakifa kwenye mtambo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokifikisha hapo. Kinyume chake, kituo cha Sihwa nchini Korea Kusini, chenye megawati 254 na kilichoanza mwaka 2011, kilijengwa kwenye ukuta uliokwisha kuwepo tangu mwaka 1994. Ukuta huo ulikuwa umelifanya ziwa la nyuma yake kuchafuka kwa maji taka ya viwanda, na kuruhusu bahari iingie na kutoka tena kulisaidia maji hayo. Mradi mkubwa kuliko wote wa aina yake ukawa ndio wenye hoja nyepesi zaidi ya kimazingira, kwa sababu ya eneo tu.

Upo pia mfano wa Strangford Lough huko Ireland ya Kaskazini, ulikowekwa mtambo wa SeaGen wa megawati 1.2 mwaka 2008. Mlango wa ghuba ile ni njia ya sili wanaolindwa kisheria, kwa hiyo mwanzoni mtambo ulifanya kazi kwa masharti ya kuwepo waangalizi na kuzimwa kila sili anapokaribia. Ulikuwa utaratibu wa haki, na mengi yalijifunzwa. Ila mwekezaji anayechagua eneo la namna hiyo lazima ahesabu tangu mwanzo saa ambazo mtambo utasimama, kwa sababu hizo nazo ni sehemu ya gharama ya eneo.

Kwa pwani yetu, ningetaka ramani hiyo ya kwanza ionyeshe mashamba ya mwani ya mashariki mwa Unguja, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yamekuwa riziki ya wanawake wengi. Ionyeshe sehemu za pweza zinazofungwa na kufunguliwa kwa makubaliano ya vijiji, njia za wavuvi wa dago (wanaohamia kambi za muda kufuata samaki) na misimu yao, fukwe ambako kasa hutaga, maji ya Mafia ambako papa potwe hukusanyika, pamoja na mipaka ya hifadhi za bahari. Kamati za wavuvi za shehia, na kwa bara vikundi vya usimamizi wa fukwe, wana taarifa hizi kichwani mwao. Nahodha aliyepita mlango mmoja maisha yake yote atakuambia ni wapi maji yanazunguka badala ya kwenda moja kwa moja, na ni siku ngapi baada ya bamvua mkondo unalegea. Mpimaji makini huanzia kwake, kisha ndipo anaposhusha chombo chake palipotajwa. Na nahodha huyo aliyetumika katika kupima, kwa maoni yangu, ana haki ya kuonyeshwa matokeo.

Naongeza kwamba kufunga mahori yetu kwa ukuta ningelipinga waziwazi. Tofauti ya maji kwetu ni takriban mita 3 hadi 4 wakati wa bamvua, na mara nyingi karibu mita moja tu wakati wa maji mafu. Kwa hesabu ile ya mraba, umeme wake ni mdogo. Mikoko ambayo ingeharibika nyuma ya ukuta ni malezi ya kamba na samaki, na hasara hiyo hailipiki kwa umeme wa kiasi hicho.

Mchangiaji wa tatu

Ninafanya kazi kwenye masuala ya usambazaji wa umeme, na ningependa tuzungumzie upande wa nchi kavu. Visiwani tunajua maana ya kutegemea waya mmoja. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 kwa takriban miezi mitatu, kwa sababu ya hitilafu katika njia moja ya umeme kutoka bara. Sasa upo waya wa pili wa kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, wa megawati 100, uliozinduliwa mwaka 2013, na Pemba ina wake kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Swali langu: je, umeme wa mkondo unaweza kuwa msaada kwa gridi ndogo kama ya Pemba, wakati saa za maji hubadilika kila siku?

Mleta uzi

Saa hizo hubadilika, lakini zina mpangilio ambao kwetu una jambo la kuvutia.

Maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku moja mkondo mkali utakuwa wakati wa chakula cha jioni na siku nyingine utakuwa usingizini. Lakini bamvua, katika mahali pamoja, huja karibu saa zilezile kila mara. Huku kwetu siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, na ndiyo sababu waokotaji wa pweza hushuka mwambani asubuhi. Iwapo katika mlango fulani mkondo huwa mkali katikati ya kujaa na kupwa, basi siku za bamvua kilele kimoja kitaangukia kama saa moja usiku, wakati ambapo taa, majiko na televisheni zote zimewashwa. Siku tatu au nne baadaye, saa hiyohiyo maji yatakuwa yamesimama. Yakifika maji mafu mkondo utarudi kwenye saa ileile, ila ukiwa dhaifu: kasi ikiwa nusu ya ile ya bamvua, nguvu ni sehemu moja ya nane. Lile sharti kwamba mkondo huwa mkali katikati ya kujaa na kupwa linahitaji kupimwa mlango kwa mlango, kwa sababu kuna milango ambamo mkondo hugeuka muda mrefu baada ya maji kujaa usoni.

Kwa hiyo mkondo peke yake hauwezi kubeba gridi ya kisiwa. Unachoweza kufanya ni kukaa pamoja na jua na betri, huku mwendeshaji wa gridi akiwa na ratiba ya mwaka mzima mbele yake, jambo ambalo mwenye mtambo wa upepo hana. Nasisitiza pia somo la Orkney, ambako kituo cha majaribio cha EMEC kimekuwepo tangu mwaka 2003: visiwa vile vilifika mahali pa kuzalisha umeme kuliko vinavyohitaji, nyaya za kwenda bara zikajaa, na mitambo ikalazimika kuzuiwa wakati mwingine. Eneo lenye nguvu lililo mwisho wa njia nyembamba ya umeme ni eneo dogo, hata ramani ya bahari ikilionyesha kuwa kubwa. Ukiniuliza nianzie wapi Pemba, ningeanza kwenye ramani ya njia za umeme na kuuliza ni wapi zinakaribia ufuo ulio karibu na mlango wenye mkondo.

Kuna masuala matatu ambayo vitabu vya Ulaya huyapitia haraka na kwetu yana uzito. La kwanza ni vyombo. Kazi ya kushusha au kunyanyua mtambo hufanywa katika dakika chache ambazo maji yamesimama, hasa siku za maji mafu. Inahitaji meli yenye uwezo wa kujishikilia mahali pamoja pamoja na winchi ya tani nyingi, na meli ikikodiwa kutoka nchi ya mbali, malipo yake huanza kuhesabiwa tangu inapong'oa nanga kwao. Ndiyo maana mitambo inayoelea, kama ule wa O2 wenye megawati 2 ulioko Fall of Warness huko Orkney tangu mwaka 2021, ambao miguu yake hunyanyuliwa hadi usoni mwa maji ili fundi aifikie kwa boti ndogo, naiona inatufaa zaidi kuliko ile inayokaa sakafuni. Hata hivyo, nayo huchukua nafasi usoni mwa bahari, na hapo turudi kwa mwenzetu wa uvuvi.

La pili ni joto la maji. Mwenye mashua yeyote anajua jinsi viumbe na majani ya bahari yanavyoshika haraka kwenye ubao, na ndiyo sababu vyombo hupandishwa mchangani wakati wa bamvua vikakwanguliwa. Panga la mtambo likishikwa hivyo hupoteza umbo lake na umeme hushuka. Kabla ya kununua mtambo wowote, ningezamisha katika eneo husika vipande vya chuma na plastiki ngumu vyenye rangi mbalimbali za kukinga, vikae misimu yote miwili, kaskazi na kusi, kisha vipimwe. Ni jaribio la gharama ndogo sana.

La tatu ni dhoruba. Tulizoea kusema vimbunga haviji kwetu, lakini Kenneth alipiga kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, si mbali na mpaka wa Mtwara, na Hidaya akafika Mafia Mei 2024. Msanifu wa nanga hawezi tena kutumia kumbukumbu za miaka tulivu pekee.

Kwa upande wa mawimbi, Madagaska hutukinga dhidi ya sehemu ya mawimbi marefu ya kusini, na mwamba wa nje huyavunja mengi yaliyobaki kabla hayajafika ufuoni, hivyo sioni mradi mkubwa wa mawimbi katika pwani ya Tanzania. Ninachokiona ni kila ukuta mpya wa bandari au wa kuzuia mmomonyoko unaoelekea bahari kuu kuulizwa swali la Mutriku kabla zege halijamwagwa. Kuhusu mkondo wa pwani uendao kaskazini mwaka mzima na kuongezeka wakati wa kusi, ambao wengi huutaja, sifa yake ni kwamba haugeuki na mwezi. Tatizo ni kwamba hukaza kwenye maji marefu, na mlango wa bahari ulio kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, ambako nanga na nyaya ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Kama kuna taasisi au chuo kinachotaka kuanza, gharama ya hatua ya kwanza haitishi: vipima-mkondo viwili au vitatu, kila kimoja kikae siku 30 au zaidi katika milango itakayotajwa na manahodha, mara moja wakati wa kaskazi na tena wakati wa kusi, pamoja na boya moja la mawimbi nje ya mwamba kwa mwaka mzima. Vipimo hivyo viwekwe hadharani, vijiji husika vipewe nakala iliyoandikwa kwa lugha yao, na kila mlango utakaoonekana kuwa na mkondo chini ya mita 2 kwa sekunde wakati wa bamvua uondolewe kwenye orodha mapema, kabla mtu yeyote hajaahidiwa umeme.